Kadi Kubwa Imelala: Gemu, Linux na Laptopu za Mitumba Lamu

Laptopu ya mtumba inayonunuliwa Mombasa, ikapakiwa basi hadi Mokowe kisha ikavushwa kwa boti mpaka Amu, mara nyingi huwa na mengi kuliko anayoyajua mnunuzi. Chukua Lenovo ThinkPad P50, moja ya mashine zile za "ex-UK" zilizoundwa kwa ajili ya wahandisi na wachoraji wa ramani za majengo. Ndani yake mna kadi mbili za grafiki. Ya kwanza ni Intel HD Graphics 530, imo ndani ya prosesa yenyewe. Ya pili ni NVIDIA Quadro M1000M au M2000M, yenye kumbukumbu yake peke yake, na ndiyo iliyoifanya mashine hii iwe ghali ilipokuwa mpya.

Laptopu za kizazi hiki sasa zinahamia Linux kwa wingi, na sababu inajulikana. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha sita iliyomo kwenye P50 haimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Kijana wa Langoni au wa Faza anapoweka Ubuntu au Linux Mint kwenye mashine kama hii anafanya jambo la maana: anapata mfumo wa bure, salama, unaoendelea kutunzwa. Kisha anafungua SuperTuxKart, gemu ya mbio za magari, anapandisha mapambo yote ya picha hadi juu, gari linakwenda kwa kudundadunda, naye anakata shauri kuwa Linux haifai kwa gemu. Hukumu hiyo si ya haki. Gemu yake inachorwa na kadi ndogo, na kadi kubwa haijaambiwa chochote.

Mabaharia wa hapa wataielewa hali hii upesi, maana ni sawa na mashua yenye tanga na mashine ya kupachika nyuma. Upepo ukiwepo, nahodha hatumii mafuta. Mashine huwashwa kwa amri yake tu, pale inapohitajika. Laptopu ya kadi mbili nayo imepangwa hivyo ili kulinda betri. Kazi za kila siku, yaani kuandika, kusoma barua pepe na kutazama video, hubaki kwa Intel, ambayo pia ndiyo inayokimiliki kioo. NVIDIA ikipewa kazi, huchora picha kwenye kumbukumbu yake, kisha huikabidhi kwa Intel ili ionyeshwe. Makabidhiano hayo huitwa PRIME, na msingi wake uliandikwa na Dave Airlie wa Red Hat mwaka 2010.

Mwaka huo huo NVIDIA ilitangaza Optimus, mpango wake wa kadi mbili, lakini kwa Windows. Watumiaji wa Linux waliachwa wajitegemee. Mwaka 2011 wapenzi wa programu huria walianzisha Bumblebee, programu iliyosaidia, ingawa ilipoteza sehemu kubwa ya kasi njiani. Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, mwanamke mmoja kwenye hadhira alimuuliza Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kuhusu laptopu yake ya Optimus iliyokataa kuelewana na Linux. Torvalds aliigeukia kamera, akainyooshea NVIDIA kidole cha kati pamoja na tusi, na picha hiyo ikaenea dunia nzima. Hata hivyo miaka ilipita. Ni Agosti 2019, kwa draiva ya mfululizo wa 435, ndipo NVIDIA yenyewe ilipoleta njia rasmi ya kuikabidhi kadi yake gemu mojamoja. Mafundi wengi bado wanatoa ushauri wa kabla ya hapo, na ushauri huo umepitwa na wakati.

Jambo la kwanza leo ni draiva, na hapa umri wa kadi ndio unaoamua. Quadro M1000M ni ya ukoo wa Maxwell. NVIDIA imeufanya mfululizo wa 580 kuwa wa mwisho kwa Maxwell na Pascal. Kuanzia 590, mwishoni mwa 2025, kadi hizo hazimo tena. Kadi za ukoo wa Kepler, kama Quadro K1100M ya HP ZBook za zamani, ziliishia 470. Zile draiva za NVIDIA ambazo sehemu yake ya kerneli (kiini cha mfumo) ni ya chanzo huria, zilizotolewa Mei 2022, zinahitaji ukoo wa Turing au uliofuata, yaani kadi za kuanzia 2018. Kwa hivyo mwenye P50 asichague draiva yenye neno "open" kwenye jina lake, wala asifuate namba kubwa kwa kudhani kuwa mpya ndiyo bora. Kwenye Ubuntu, `ubuntu-drivers devices` humwonyesha ipi inayoifaa kadi yake. Mtu wa Pate anayetegemea bando ya simu na ajue kuwa draiva hupakuliwa kwa mamia ya megabaiti. Akipita Amu kwenye Wi-Fi nzuri, afanye kazi hiyo huko.

Kuna mtego mmoja unaowakwamisha wengi. Kama Secure Boot imewashwa, Ubuntu itakuomba uunde nywila wakati wa kuweka draiva, na kompyuta ikiwaka upya utakutana na skrini ya buluu kwa sekunde chache. Chagua `Enroll MOK`, uandike nywila ile ile. Ukiiacha ipite, draiva itakuwepo kwenye diski lakini kerneli itakataa kuipakia, na utabaki na Intel bila onyo lolote.

Baada ya hapo usikisie, pima. Weka kifurushi cha `mesa-utils`, fungua terminali, andika `glxinfo -B`. Kwenye P50 mstari wa `OpenGL renderer` utataja HD Graphics 530, na hilo si kosa. Sasa andika `prime-run glxinfo -B`. Mstari ule ule ukisema Quadro M1000M, kadi kubwa imeamka. Basi `prime-run supertuxkart` itaipeleka gemu huko. `prime-run` yenyewe ni hati fupi tu: inaweka vigeu vichache, kikiwemo `__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1`, kisha inafungua programu uliyoitaja. Asiyependa terminali abonyeze ikoni ya gemu kwa kitufe cha kulia cha kipanya. GNOME na Cinnamon zote zina chaguo la kuifungua kwa kadi kubwa. Mwenye kadi ya pili ya AMD ana raha zaidi, kwani draiva yake tayari imo katika kerneli na Mesa, naye anatanguliza `DRI_PRIME=1` tu.

Kwenye Steam, fungua sifa za gemu, na katika nafasi ya amri za kufungulia andika `prime-run %command%`. Watu hushangaa kuona gemu ya Windows inakimbia vizuri huku ya Linux halisi inatambaa kwenye mashine hiyo hiyo. Sababu ni kwamba Proton, programu ya kuendeshea gemu za Windows kwenye Linux iliyotolewa na Valve mwaka 2018, hutumia kitafsiri cha grafiki kiitwacho DXVK kwa gemu nyingi, nayo kwa kawaida hujichagulia kadi yenye nguvu. Gemu za OpenGL hazichagui; hupokea inayopewa.

Sasa umeme. Kadi za Turing na baada yake huweza kujizima zenyewe zikikosa kazi. Maxwell haiwezi kwa draiva ya NVIDIA: katika hali ya `on-demand`, yaani ile ya kadi kubwa kusubiri kuitwa, inaendelea kula betri hata ukiwa unasoma tu. Anayeishi kwa sola na asiyecheza leo aandike `sudo prime-select intel`, awashe upya, na kadi izimwe kabisa. Chaja nayo itazamwe. P50 ilitoka na ya wati 170, lakini tundu lake linapokea pia zile ndogo za wati 65 za ThinkPad nyingine, na muuzaji wa mitumba hutoa aliyo nayo. Kwa chaja ndogo mashine hujibana, na hakuna draiva itakayoiokoa. Joto la Lamu, na vumbi lililoshikana na unyevu wa chumvi kwenye feni, huibana vivyo hivyo. Ifunguliwe na kusafishwa kabla ya kulaumu programu.

Mwisho, kwenye P50 matundu ya HDMI na DisplayPort yameunganishwa na kadi ya NVIDIA. Ukiwa kwenye hali ya `intel`, televisheni haitapata picha hata ubadilishe waya mara ngapi. Kabla ya kuwaita wenzako mcheze kwenye skrini kubwa, rudi `on-demand` na uwashe upya.