Jinsi ya kupika kaimati za Pwani zikakubali Bungoma na Kitale

WENGI waliowahi kuonja kaimati katika mikahawa ya Mombasa hurejea Bungoma au Kitale wakiwa na hamu ya kujiandalia kitamutamu hicho nyumbani.

Aghalabu hamu hiyo huishia kwenye hasara. Unga hukataa kuumuka, kaimati huungua nje ilhali ndani zingali mbichi, nayo shira huganda na kuwa kama mchanga.

Lawama zote hubebeshwa mpishi. Hata hivyo, huenda kosa lake ni moja tu: amefuata vipimo vya mahali palipo sawa na bahari akiwa nyanda za juu.

Kwa mwanafunzi wa Pwani anayesomea Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2015, jambo hili si dogo. Mwezi wa Ramadhani humkuta mbali na futari ya nyumbani. Naye mama anayepika kaimati za kuuza hupoteza faida ya siku nzima karai moja linapoharibika.

Jina la kaimati lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni matonge madogo. Katika nchi za Ghuba huitwa luqaimat, na Waturuki wana ndugu yake aitwaye lokma.

Viungo vyake ni vichache: vikombe viwili vya unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha hamira, kijiko kimoja cha sukari na takriban kikombe kimoja na robo cha tui la nazi. Nazi husafirishwa kutoka mbali na bei yake huwa juu, hivyo waweza kutumia maziwa ya ng'ombe au mtindi uliochanganywa na maji. Ladha ya nazi itakosekana, lakini ulaini utabaki.

Piga mchanganyiko huo kwa mkono hadi uwe mzito na wenye kuvutika.

Hapa ndipo tofauti ya kwanza hujitokeza. Hamira ni viumbe hai vinavyopenda joto. Mombasa, saa moja hutosha unga kuumuka. Kitale, mji ulio mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, asubuhi huwa na baridi na kazi hiyo huchukua muda mrefu zaidi.

Usiongeze hamira kwa pupa, kwani kaimati zitanuka chachu. Badala yake, tumia tui au maziwa yenye uvuguvugu, funika bakuli na uliweke karibu na jiko. Usihesabu dakika, ngoja unga uongezeke maradufu na kutoa mapovu juu.

Tofauti ya pili imo katika mafuta. Kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua na maji kuchemka kwa joto la chini. Mombasa maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Bungoma, mita 1,400 hivi juu ya bahari, huchemka kwa takriban 95, na Kitale kwa 94 hivi.

Kwa kuwa maji yaliyo ndani ya tonge hayafikii joto lile la Pwani, ndani huchelewa kuiva huku nje kukikauka na kuungua. Dawa ni kupunguza moto kidogo na kukaanga kwa muda mrefu zaidi, ukizigeuza kaimati bila kukoma. Dondosha tone la unga kwanza: likigeuka kahawia mara moja, mafuta yamepata moto kupita kiasi.

Shira nayo huhitaji kikombe kimoja cha sukari, nusu kikombe cha maji na iliki iliyotwangwa. Nyanda za juu maji hukauka upesi, kwa hivyo dakika zilizoandikwa kwa ajili ya Pwani zitaifanya iwe nzito mno. Chovya kijiko, acha shira ipoe kidogo, kisha ibane kati ya vidole viwili. Ikivuta uzi, epua.

Kamulia matone machache ya ndimu shira inapochemka. Asidi yake huvunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, ambazo huzuia chembe za sukari kushikana na kuganda. Baada ya sukari kuyeyuka, usikoroge tena.

Mwishowe, tia kaimati katika shira yenye moto na uzipinduepindue hadi zienee utamu.

Anayejaribu kwa mara ya kwanza aanze na nusu ya vipimo hivi, na aandike muda unga wake ulivyochukua kuumuka. Karatasi hiyo itamfaa jikoni mwake kuliko maelezo yoyote yaliyotoka Mombasa.