Kihusishi Kinachobaki Mkiani

Gazeti la Kiingereza likiandika "the men fired", msomaji ataelewa kuwa wanaume hao wamefutwa kazi. Likiandika "the men fired at", wanaume hao wamerushiwa risasi. Herufi mbili mwishoni zimebeba tofauti yote hiyo, na mwandishi aliyezisahau hakukosea mapambo ya lugha. Ametoa habari nyingine kabisa.

Muundo huu umeenea mno katika Kiingereza cha ofisini, mahakamani, hospitalini na kwenye vitabu vya shule. "The documents referred to" ni nyaraka zilizorejelewa, "the matters dealt with" ni masuala yaliyoshughulikiwa, "the patients operated on" ni wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Inatangulia nomino, mara nyingi ya wingi. Inafuata kitenzi katika umbo la tatu, lile ambalo kila aliyepita darasa la Kiingereza alilikariri mwisho katika orodha ya "go, went, gone". Kisha kinakuja kihusishi, na baada yake hakuna kitu. Wanafunzi wetu wengi huhangaika hapo, kwa sababu wamezoea kwamba kihusishi lazima kifuatwe na nomino: "to the market", "with my friend". Kikikaa peke yake wanahisi kimeachwa ukiwa, wanakifuta.

Hakijaachwa ukiwa. Nomino yake ipo, ila imetangulia mbele. Sentensi kamili ingekuwa "the documents which were referred to", na Kiingereza kimefupisha kwa kuondoa "which were". Kinachoruhusiwa kuondoka ni maneno hayo mawili tu. Kihusishi ni mali ya kitenzi na kinabaki pale kitenzi kilipo. Kwa sababu hiyohiyo kundi zima linakaa nyuma ya nomino. Umbo la tatu likiwa peke yake linaweza kutangulia, kama katika "stolen goods", lakini likishabeba kihusishi chake halipiti mbele. Hakuna anayesema "the dealt with matters" akasikika vizuri. Yapo machache yaliyokwisha kuganda yakawa vivumishi, nayo hutangulia yakiwa yamefungwa kwa vistari: "uncalled-for remarks", "unheard-of prices". Hayo yajifunzwe kama maneno yaliyokamilika.

Kuhusu wingi hakuna mengi. Waraka ukiwa mmoja ni "referred to", zikiwa mia ni "referred to". Umbo la tatu halibadiliki, na hili linatusumbua sisi tuliozoea ngeli kuacha alama kila mahali: nyaraka zilizorejelewa, kitabu kilichorejelewa, masuala yaliyorejelewa. Wingi unadai haki yake mbele zaidi, kwenye kitenzi kikuu. "The documents referred to in the letter are missing", na si "is missing", hata kama "letter" ya umoja ndiyo iliyo jirani na kitenzi. Kosa hili hufanywa hata na waliozaliwa na Kiingereza.

Inasaidia kujua kwamba muundo wenyewe si wa kawaida duniani. Kiingereza cha kale hakikuwa nao. Kauli ya kutendwa inayoacha kihusishi nyuma inaanza kuonekana katika maandishi ya karne ya 13, ikazidi kukua baadaye. Kinorwe na Kiswidi vina muundo wa aina hii, lakini Kijerumani hakina, na Kifaransa hakina. Kwa hiyo Mjerumani anayejifunza Kiingereza naye hukwama hapa. Mwanafunzi wa Morogoro au Kisumu asiambiwe kwamba kichwa chake ni kizito.

Lakini yapo mafundisho yanayomzidishia mzigo. Bado wako walimu wanaosema ni kosa kumaliza sentensi kwa kihusishi. Asili ya katazo hilo hutajwa kuwa mshairi John Dryden, ambaye mwaka 1672 alimlaumu Ben Jonson, mtunzi aliyemtangulia, kwa kuacha vihusishi mwishoni. Baadaye akarudi kwenye maandishi yake mwenyewe akayasafisha. Mwaka 1762 askofu Robert Lowth, katika kitabu chake cha sarufi, alilainisha mambo: kihusishi cha mwisho kinafaa mazungumzo ya kawaida, ila katika maandishi mazito ni bora kitangulie. Shule zikachukua sehemu ya pili ya maneno yake na kuigeuza sheria. H. W. Fowler aliipinga sheria hiyo waziwazi mwaka 1926 katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza.

Naona umuhimu wa kulisema hili kwa nguvu, kwa sababu katika muundo tunaouzungumzia katazo hilo halitekelezeki hata mtu akitaka. Katika "the people whom I spoke to" unaweza kuhamisha kihusishi ukapata "the people to whom I spoke". Katika "the people spoken to" huna pa kukipeleka. "The people to spoken" si Kiingereza cha zama zozote. Itakubidi uvunje sentensi yote na kuijenga upya. Mwanafunzi aliyekatazwa kumaliza kwa kihusishi, na asiyeona pa kukihamishia, anabakiwa na njia moja tu: kukifuta. Ndivyo tunavyopata "the documents referred", "the patients operated", "the goods paid". Somo lenyewe limemsukuma kwenye kosa.

Msukumo mwingine, ulio mkubwa zaidi, unatoka katika Kiswahili, na hapa ndipo ningependa walimu wa lugha zote mbili wakae meza moja. Kiswahili kinajua vizuri sana tofauti kati ya "paid" na "paid for". Wafanyakazi wamelipwa, bidhaa zimelipiwa. Kazi ambayo Kiingereza kinaifanya kwa neno zima lililosimama nje ya kitenzi, Kiswahili kinaifanya kwa irabu moja iliyoingia ndani: kauli ya kutendea, yenye -i- au -e- kufuatana na irabu ya mzizi, ambayo ikipokea -w- inakuwa kutendewa. Baadhi ya vitabu vya zamani vya sarufi ya Kiswahili vilivyoandikwa kwa Kiingereza viliuita mnyambuliko huu umbo la kihusishi, na jina hilo lilikuwa na maana. Zungumza, zungumzia: "the problems spoken about" ni matatizo yaliyozungumziwa. Rejea, rejelea. Rusha, rushia. Ukiangalia "waliorushiwa" utaikuta "at" imejificha mle ndani.

Kwa hiyo Mswahili anapoandika "the goods paid", kuna uwezekano mkubwa kwamba akilini amesema "zilizolipiwa" na akahisi kitenzi kimekamilika, kwa kuwa katika lugha yake kimekamilika kweli. Hakuna kilichobaki nje cha kutafsiri. Mwalimu anayeandika alama nyekundu pembeni bila kueleza hili anasahihisha karatasi tu.

Kosa la pili linatoka upande mwingine wa Kiswahili. Kuna mahali ambapo hatutumii kutendea bali "na" au "kwa", na hapo lugha yetu inadai kiambishi kinachomrudia mtajwa: watu niliozungumza nao, kalamu ninayoandika kwayo. Ile "-o" ya "nao" haiepukiki; "watu niliozungumza na" haisemeki. Matokeo yake ni "the people that I talked to them", sentensi ambayo kila mwalimu wa Kiingereza Afrika Mashariki ameisoma. Palipo na kutendea mwanafunzi anapunguza, palipo na "nao" anaongeza. Makosa hayo mawili yanaonekana kama yanapingana, kumbe yametoka nyumba moja.

Je, mtu aweza kutumia kutendewa kama kipimo, kwamba penye -iw- au -ew-, na hapo tu, Kiingereza kitataka kihusishi? Kama ishara ya kumfanya asimame afikiri, ndiyo. Kama kanuni, hapana. Vitenzi kadhaa vya Kiswahili vinamshika mtendwa moja kwa moja ilhali vya Kiingereza vinahitaji kihusishi: wageni waliongojwa ni "the guests waited for", funguo zilizotafutwa ni "the keys looked for", mikopo iliyoombwa ni "the loans asked for". Kipimo cha uhakika zaidi ni kurudi kwenye sentensi ya kutenda, kwa Kiingereza chenyewe: "they waited for the guests". Chochote kinachosimama kati ya kitenzi na nomino hapo kitabaki mkiani nomino itakapotangulia. Kama hakuna kitu katikati, mkia hautakuwa na kitu.

Hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu siku hizi wengi wanaongeza kihusishi pasipo na haja. "The issues discussed about", "the items requested for", "the points emphasized on" zimejaa katika mihtasari ya vikao vyetu. Hapa sioni sababu ya kukilaumu Kiswahili. Tunajadili suala na tunasisitiza jambo, bila kihusishi chochote. Chanzo ni Kiingereza chenyewe, ambacho nomino zake zina vihusishi: "a discussion about", "a request for", "an emphasis on". Mwandishi amechukua mkia wa nomino akaupachika kwenye kitenzi. Rudi kwenye kutenda: "we discussed the issues". Hakuna kitu katikati, basi ni "the issues discussed", imekwisha.

Upande wa msomaji nao una mitego. Kiingereza hakitofautishi "referred" ya wakati uliopita na "referred" ya umbo la tatu, na nomino ya wingi haisaidii kuzitenganisha. Macho yakifika kwenye "The documents referred", haijulikani bado kama nyaraka zimerejelea kitu au zimerejelewa. Mwaka 1970 mwanaisimu Thomas Bever alitoa mfano wa sentensi ya farasi aliyekimbizwa kupita ghala, "The horse raced past the barn fell", ambayo hata wenye lugha yao huisoma mara mbili kwa sababu hiyohiyo. Kwetu "zilirejelea" na "zilizorejelewa" hazichanganyiki hata kidogo. Kirejeshi kinakuonya mapema.

Linganisha sasa "the documents referred to the committee" na "the documents referred to by the committee". Za kwanza zimepelekwa kwa kamati ili izishughulikie. Za pili zimetajwa na kamati, na huenda kamati haikuzipokea kamwe. Katika ya kwanza "to" inafuatwa na nomino yake. Katika ya pili "to" ni ya nyaraka zilizokwisha tangulia, na "by" inaanza jambo jipya. Mtafsiri anayepita haraka atampa mteja wake maana isiyo yake.

Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, lakini mikataba mingi ya bima, mikopo na ujenzi bado inasainiwa kwa Kiingereza, na baadhi ya watu wanaoisaini hawana mwanasheria kando yao. Kifungu kimoja nawaomba wakisome polepole. "The services provided" ni huduma zilizotolewa. "The services provided for in this agreement" ni huduma ambazo mkataba umeweka kwamba zitatolewa. Huenda hata moja haijatolewa. Mkataba ukisema utalipa kwa kufuata maneno ya kwanza, unalipia kazi iliyofanyika. Ukisema maneno ya pili, unaweza kudaiwa fedha kabla fundi hajaleta hata tofali. Uliza ni ipi kati ya hizo mbili, na uliza kabla ya kusaini.