Blokcheni haina mwenyewe, basi anayeamua ni nani?

Mwezi uliopita chama chetu hapa Likoni kilikutana kama kawaida. Tuko watu ishirini na wawili, wanawake kwa wanaume, na mimi ndiye mweka hazina. Ajenda ilikuwa moja tu: kununua mahema na viti vya kukodisha kwa harusi na hitima, kwa zile shilingi 340,000 tulizojibana miaka mitatu. Hatujafika mbali, kijana wa mwenzetu mmoja aliyesomea mambo ya kompyuta akaomba ruhusa aseme. Akatushauri pesa zile tusizitie kwenye mahema, bali tununue tokeni za mradi mmoja wa blokcheni.

"Huku hakuna bosi," alisema. "Hakuna benki wala serikali. Kila mwenye tokeni ana kura. Ni chama kama hiki chenu, ila cha dunia nzima."

Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima asiye na papara, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamuuliza: "Mwanangu, na daftari hilo likiingia makosa, anayeamua kulisahihisha ni nani?"

Kijana akababaika. Si mwongo, yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuulizwa. Nikaahidi kulitafuta jibu. Nimeona niliandike hapa pia, kwa kuwa najua si chama chetu peke yake kinachofuatwa na maneno haya.

Tuanze na chenyewe. Blokcheni ni daftari. Chukua daftari la chama, kisha kila mwanachama awe na nakala yake, na kila kinachoandikwa kiingie kwenye nakala zote. Kurasa zimefungamana, hivyo huwezi kuchezea ukurasa wa zamani bila wenzako kugundua. Wanaoshika nakala ni kompyuta zilizotapakaa nchi nyingi. Mojawapo ya madaftari makubwa zaidi ya aina hii ni Ethereum, lililoanza kazi Julai 2015. Juu yake watu huweka pia mikataba ya kompyuta, yaani programu zinazopokea na kutoa pesa zenyewe bila karani.

Lakini kanuni za daftari hilo ziliandikwa na watu, na watu ndio wanaozibadilisha. Kwa Ethereum yeyote anaweza kuandika pendekezo. Wahandisi hulijadili hadharani, na likikubalika huandikwa toleo jipya la programu. Kisha kila mwenye kompyuta huamua mwenyewe kama ataliweka au la. Hakuna sanduku la kura. Inafanana zaidi na baraza la wazee: mnazungumza mpaka pasiwe na pingamizi kubwa. Na kama ilivyo barazani, wako ambao sauti zao husikika zaidi, akiwemo mwanzilishi wake, Vitalik Buterin.

Sasa twende kwenye swali la mwenyekiti wetu. Liliulizwa kweli, mwaka 2016.

Mwaka huo kulianzishwa juu ya Ethereum mfuko ulioitwa The DAO. Watu walichanga ether, ambayo ndiyo sarafu ya Ethereum, yenye thamani ya takriban dola milioni 150. Hapakuwa na mkurugenzi. Wenye tokeni wangepiga kura kuamua mradi gani upewe pesa, na mkataba wa kompyuta ungetekeleza.

Mkataba ule ulikuwa na tundu. Fikiria mweka hazina anayetoa pesa kwanza, kisha ndiyo anaandika. Mtu anakuja kuchukua akiba yake, na kabla kalamu haijagusa karatasi anaomba tena, na tena, na daftari bado linasema hajachukua kitu. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 17 Juni 2016. Mtu asiyejulikana alichota ether milioni 3.6 kwa njia hiyo.

Bahati ni kwamba kanuni za mfuko zilimzuia kuzitumia kwa majuma kadhaa. Hapo ndipo mjadala ulipowaka. Wako waliosema: mkataba ni mkataba, aliyechukua amefuata kilichoandikwa, na daftari lisilofutika likifutwa mara moja halitaaminika tena. Wengine wakasema: wizi ni wizi, na sisi tuliounda kanuni hatuwezi kukaa tukitazama. Ikapigwa kura isiyo rasmi kwa uzito wa ether. Waliotaka pesa zirudishwe walipata zaidi ya asilimia 80, ingawa ether zilizopigiwa kura hazikufika hata asilimia 10 ya zote zilizokuwepo.

Tarehe 20 Julai 2016 kanuni zikabadilishwa na pesa zikarudi kwa waliochanga. Waliokataa hawakuinama. Waliendelea na daftari la zamani, na mpaka leo lipo kwa jina la Ethereum Classic. Basi jibu la mwenyekiti ni hili: daftari lilisahihishwa na watu, baada ya mabishano makali, na jamii ikagawanyika vipande viwili.

Jambo la pili ni hiyo kura tuliyoahidiwa. Chamani mwetu mtu mmoja ni kura moja, awe anaweka mia mbili au elfu mbili. Katika miradi mingi ya tokeni, kura hufuata mali. Mwenye tokeni elfu ana kura elfu. Na kinachonunuliwa hukopwa pia. Aprili 2022 mtu mmoja alikopa pesa nyingi mno, akapata zaidi ya theluthi mbili ya kura za mradi uitwao Beanstalk, akapitisha pendekezo la kujihamishia hazina, na akalipa mkopo wake, yote hayo ndani ya muamala mmoja. Mradi ulipata hasara ya takriban dola milioni 182. Kura ilihesabiwa sawasawa. Kasoro ilikuwa kwenye kanuni yenyewe.

Msinielewe vibaya. Sisemi teknolojia hii haina faida, na mfano mzuri uko hapa kwetu. Mei 2013, mtaani Bangladesh, Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha zilizoitwa Bangla-Pesa. Wiki ikiwa mbaya na shilingi hazionekani, fundi cherehani alimlipa muuza mboga kwa vocha, naye muuza mboga akaenda nayo kwa kinyozi. Serikali ilishtuka. Watu kadhaa walikamatwa na kushtakiwa, akiwemo mwanzilishi Mmarekani, Will Ruddick, kisha kesi ikaondolewa mwaka huohuo. Baadaye vocha zilihamia kwenye simu na kwenye blokcheni, kwa jina la Sarafu, na hata mwenye kasimu kadogo aliweza kuzitumia. Takwimu zilizochapishwa za Januari 2020 hadi Juni 2021 zinahesabu watumiaji wapatao 40,000.

Nguvu yake ilitoka wapi? Daftari lenyewe lilihamishwa kutoka blokcheni moja hadi nyingine zaidi ya mara moja. Kilichobaki ni watu wanaojuana na wanaodaiana bidhaa na kazi. Ndugu zetu Wamijikenda wana jina la jambo hilo: mweria. Leo tunalima kwako, kesho kwangu. Mweria haukuhitaji kompyuta, ila kompyuta yaweza kuusaidia kukumbuka nani amelima na nani bado.

Kwa hiyo Jumapili hii nilirudi kikaoni na maswali matano, na naomba kila chama kiyaulize kabla ya kutoa hata shilingi. Nani ana uwezo wa kubadilisha programu? Funguo za hazina anazishika nani, na ni wangapi? Kura huhesabiwa kwa vichwa au kwa mali? Ni wangapi hasa hupiga kura hiyo? Na tukitaka kutoka, tunatokaje?

Kijana alijibu mawili. La funguo alikwenda kulisoma pale pale kwenye simu, akakuta watu watatu ambao majina yao halisi hayakuandikwa. Akanyamaza. Tukapiga kura, mtu mmoja kura moja: mahema yanunuliwe.

Nikadhani tumemaliza. Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Na letu je, daftari liko nakala ngapi?"

Liko moja, nyumbani kwangu, ndani ya kabati. Miaka mitatu watu ishirini na mmoja wameniamini mimi na kufuli langu, na siku nyumba ikiungua au nafsi ikinidanganya, hakuna mwenye ushahidi. Tumekubaliana kuanzia mwezi ujao nipige picha kila ukurasa na kuutuma kwenye WhatsApp ya chama kabla kikao hakijafungwa. Yule kijana ndiye atakayekagua hesabu.