Chumba cha kusi: familia ya dago ikihamia mjini

Upepo wa kusi ukishika kasi, kuanzia Aprili na Mei, bahari huchafuka na ngalawa za Kunduchi hukaa mchangani siku kadhaa mfululizo. Huo ndio wakati mvuvi mwenye mke na watoto dago huulizia chumba Mtongani, au ndani zaidi Mbezi Beach.

Dago ni kambi ya wavuvi wanaofuata samaki mbali na kwao. Wavuvi wa Kojani, Pemba, wanajulikana kwa hilo pwani nzima. Wengi huenda wanaume peke yao, lakini wapo wanaohama na familia, na nyumba yao mwaka mzima ni banda la makuti na turubai: leo Mafia, mwezi ujao Bagamoyo.

Wenye nyumba wengi Dar es Salaam hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwajiriwa hulalamika, na ana haki. Kwa mvuvi, miezi hiyo inalingana na msimu: analipa Aprili kwa fedha ya kaskazi, anakaa hadi Septemba.

Kwa mtoto, faida kubwa ya chumba hicho ni kliniki. Anapimwa uzito zahanati ileile mwezi baada ya mwezi, na anayempima anaona kwenye kadi kama mstari unapanda au umelala. Dago, kadi hulowa au husahaulika kambi ya nyuma.

Chumba nacho kina hatari zake. Baridi ya kipupwe ikiingia, Juni na Julai, watu sita hulala dirisha likiwa limefungwa, jiko la mkaa likiwaka ndani. Moshi huo una hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua watu usingizini. Jiko likae nje, dirisha liachwe wazi, na chandarua kilichotumika kambini kije nacho, maana masika huacha madimbwi na mbu.

Kazi ngumu huanza Novemba, kaskazi inapoita tena. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Aliyechanjwa ya kwanza Juni, ya pili inamwangukia Machi, baba akiwa dago. Matone ya vitamini A ya Juni atayapata mjini. Ya Desemba yatamkuta kambini. Na shule hufunguliwa Januari, kaskazi ikiwa katikati. Ada ya shule ya msingi ya serikali ilifutwa, ila mtoto aliye Mafia hawezi kukaa darasani Kunduchi.

Wepesi wa kushauri husema mama abaki na watoto. Wanasahau kuwa dago mama naye ana kazi: anakaanga, anaanika, anauza. Akibaki, inabidi aanze upya kwenye mnada wa samaki wa Kunduchi, akishindana na wanawake wenye wateja wao wa miaka, huku kodi nyingine ya miezi sita ikisubiri.

Familia inayoamua kurudi wote ipitie kliniki kabla ya kufunga mizigo. Tarehe ya chanjo ijayo iandikwe, kadi ipigwe picha kwa simu, yenyewe ifungwe kwenye nailoni. Wachukue pakiti za ORS na vidonge vya zinki kwa ajili ya kuhara. Wanaokwenda Mafia wajue mapema kuwa hospitali ya wilaya iko Kilindoni, na waulize kutoka kambini nauli ya kufika huko ni kiasi gani.