Kimya Barazani Si Ridhaa: Tusome Pia Ishara za Mwili

Afisa amesimama chini ya mti. Amemaliza kueleza mradi, anauliza, "Tumeelewana?" Baadhi ya watu wanaitikia kwa vichwa, wengine wameinamisha macho, hakuna anayenyoosha mkono. Kwenye kumbukumbu za mkutano yanaandikwa maneno manne: wananchi waliunga mkono hoja. Wiki mbili baadaye, wananchi hao hao wanalalamika kwamba hawakuulizwa.

Wengi wetu, kutoka Chewele hadi Garsen, tumehudhuria baraza la namna hii. Mara nyingi tatizo si uongo wa afisa wala ukaidi wa wakazi. Tatizo ni kwamba mwili ulisema jambo moja na kalamu ikaandika lingine.

Mtu anapozungumza, maneno hayaji peke yake. Yanaandamana na sauti, uso, macho, mikono, umbali kati ya watu na hata kimya. Ishara hizi huongezea maneno nguvu, kama mzee anayeonyesha kwa mkono mto ulipofika. Huweza pia kuchukua nafasi ya maneno: msonyo mmoja hutosha kuonyesha dharau. Na wakati mwingine huyapinga, kama mtu anayesema "sina neno" huku uso umekunjamana.

Katika semina nyingi husemwa kwamba asilimia 93 ya mawasiliano si maneno. Takwimu hiyo inatokana na majaribio ya Albert Mehrabian wa Marekani yaliyochapishwa mwaka 1967. Yeye alichunguza jinsi watu wanavyotambua hisia za msemaji, hasa pale maneno na sauti au uso vinapopingana. Hakusema kwamba maneno hayana uzito. Tarehe ya chanjo au kiwango cha ada ya soko haviwezi kuelezwa kwa uso.

Katika kaunti yetu kuna jambo la kuzingatia zaidi. Kipokomo ni lugha ya Kibantu. Kiorma na Kisomali ni za Kikushi. Kiswahili hutukutanisha, lakini kila mmoja huja barazani na adabu za nyumbani kwake. Kijana anayeinamisha macho mbele ya mkubwa anaonyesha heshima. Afisa mgeni anaweza kudhani anaficha jambo. Mwanamke Mwislamu anayeweka mkono kifuani badala ya kupokea mkono wa mwanamume hajakataa salamu. Mama anayenyamaza mbele ya wakwe zake huenda ana maoni mazito kuliko wote waliosema.

Kutoelewana kwa namna hii kunaweza kugharimu maisha. Maji mengi ya Mto Tana hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupitia mabwawa kuanzia Masinga hadi Kiambere, kisha hutufikia. Ndiyo maana mafuriko yanaweza kufika hapa jua likiwa linawaka. Msikilizaji anaona anga safi. Akisikia "hamieni sehemu za juu" kutoka kwa mtu anayecheka au kuchezea simu, ataamini anga. Tuliokumbwa na mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 tunajua gharama ya kuchelewa kuhama. Anayetoa tahadhari atulize uso, akaze sauti, na aonyeshe kwenye nguzo au ukuta mahali maji yanapotarajiwa kufika. "Mita moja" hueleweka haraka ikionekana.

Ikumbukwe pia kwamba Lugha ya Ishara ya Kenya si kupunga mikono tu. Ni lugha kamili yenye sarufi yake. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa. Penye mkazi kiziwi, mkalimani ni haki yake.

Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwezesha ushiriki wa umma. Ushiriki huo hautimii kwa kuhesabu vichwa vilivyoitikia. Wanaoongoza mikutano wazingatie haya:

- Badala ya "Tumeelewana?", muombe mkazi mmoja aeleze kwa lugha yake alichosikia.
- Wape wanawake na vijana nafasi ya kukaa kando na kujadiliana, kisha wamchague msemaji.
- Kimya kikitanda, uliza sababu kabla ya kuandika uamuzi.
- Keti penye usawa na watu. Meza ndefu na viti vya mbali huziba midomo.

Nawe mkazi, usiachie uso wako kazi yote. Uso uliokunjamana hauingii kwenye kumbukumbu za mkutano. Nyoosha mkono, sema "sijaelewa" au "sikubali", na uombe iandikwe. Ikiwa unaona vigumu kusema mbele ya watu, andika maoni yako au umpe unayemwamini ayafikishe kabla mkutano haujafungwa.

Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkubwa. Ni heri mshindo huo usikike barazani, mradi ukiwa bado karatasi, kuliko usikike wakati tingatinga limeshafika shambani.