Kitunguu Kinachooza Nairobi Huharibikia Shambani

Mtaa wa Tena, ulio upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, si mahali pa kilimo. Una nyumba za kupanga, maduka na vibanda vya mboga. Hata hivyo, mkulima wa vitunguu ye yote angejifunza mengi kama angefuatana alfajiri moja na mwenye kibanda cha Tena anapokwenda kununua mali katika soko la Wakulima, ambalo wengi huliita Marikiti. Mama huyo hatazami sana ukubwa wa kitunguu. Hukibinya shingo kwa vidole viwili. Shingo ikiwa nyembamba na kavu, hununua; ikiwa nene na laini, hukirudisha, maana ajua kwamba baada ya siku chache kitaanza kutoa maji na kunuka, na hasara itakuwa yake wala si ya mkulima.

Kwa sababu hiyo wauzaji wengi hupendelea vitunguu vitokavyo Tanzania, hasa vile vya Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, ambavyo hupakiwa katika malori na kuingia Kenya kwa njia ya Namanga. Wako wakulima wa Kenya wanaonung'unika kwamba hao jirani wamewanyang'anya soko. Lakini yafaa kwanza kuuliza jirani huyo amefanya nini. Mang'ola ni nchi kavu yenye jua kali, na maji yake hutoka katika chemchemi, yakaongozwa kwa mifereji hadi mashambani. Mkulima wa huko hutia maji atakapo na huyakata atakapo. Katika kilimo cha vitunguu, huko kuyakata ndiko kwenye faida.

Mizizi ya kitunguu ni mifupi; sehemu kubwa yake haishuki chini kupita futi moja. Kwa hiyo mmea huu hauwezi kujitafutia maji ya chini kama mahindi, nao hutaka kunyweshwa kidogo kidogo na mara kwa mara. Ukiachwa ukauke wiki mbili, kisha ukafurikishwa ghafula, vitunguu vingi hupasuka au kugawanyika viwili ndani ya ganda moja. Wakati wa kutia tumbo ndio wakati wa hatari zaidi, na mkulima aliye na maji machache ayaweke akiba kwa siku hizo. Tena ni afadhali maji yapite chini katika mifereji au mipira ya matone kuliko kunyunyiziwa juu, kwa kuwa majani yakaayo na unyevu huukaribisha ugonjwa wa baka zambarau.

Basi majani yaanzapo kulala, maji na yakatwe. Wiki mbili au tatu kabla ya kuvuna udongo usipate maji kabisa, ili shingo inyauke na kujifunga. Hapo ndipo wengi hushindwa. Habari zinapofika kwamba bei imepanda Nairobi, mkulima wa Kieni au wa Loitokitok hutia maji mara ya mwisho ili kitunguu kiwe kizito, akang'oa kesho yake, akajaza magunia. Uzito huo ni maji matupu. Mnunuzi wa kwanza hudanganyika, wa pili hadanganyiki, na jina la vitunguu vya mahali hapo huharibika sokoni pamoja na vile vya jirani aliyesubiri na kuanika mali yake kivulini.

Aina ya mbegu nayo si jambo la kuchagua kwa kutazama picha ya pakiti. Kitunguu hutia tumbo kwa kufuata urefu wa mchana. Aina nyingi za Ulaya ya kaskazini hungoja mchana wa saa 14 au zaidi, na huku karibu na mstari wa Ikweta mchana hauzidi sana saa 12 mwaka mzima. Kwa hiyo zikipandwa hutoa majani mazuri bila kitunguu. Miongoni mwa zifaazo, Red Creole ni nyekundu, kali, bapa kidogo, na huhifadhika kwa miezi. Texas Grano ni kubwa, ina ladha ya upole, na humpendeza mkulima siku ya mavuno. Lakini haikai ghalani, na mwenye kuilima ni lazima awe na mnunuzi kabla ya kuing'oa. Mbegu chotara za siku hizi huzaa sana kama maji na mbolea havikosekani. Bei yake ni kubwa, na kuwapa watu wasio na maji ya hakika ni kuwatia katika deni.

Wala mfereji peke yake haumtajirishi mtu. Mradi wa Perkerra, huko Marigat katika Baringo, ulianza kujengwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya Hali ya Hatari, na waliowekwa kizuizini wakafanyishwa kazi ya kuchimba. Kwa miaka mingi vitunguu vilikuwa zao lake kubwa. Maji yalikuwapo, jua lilikuwapo, lakini soko likasumbua, na katika miaka ya 1990 wakulima wake wakageukia mahindi ya mbegu.

Atakaye kuvuna mwezi wa Februari, kabla ya masika, apande kitaluni mwezi wa Septemba na kuhamisha miche baada ya wiki sita hadi nane, ikiwa na unene wa penseli. Mbegu ya kitunguu hufa upesi kuliko mbegu nyingi. Iliyobaki tangu mwaka jana ijaribiwe kwanza: zihesabiwe 100, zifungwe katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku kumi zihesabiwe zilizochipua. Zikiwa pungufu ya nusu, pakiti hiyo na itupwe.