Je, Wajua? Mjukuu wa Kiwanuka aliyemwachia kwotabeki

Vijiwe vya Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ya Mbeya, hubishana juu ya Simba na Yanga. Njombe wana la ziada: timu yao, Njombe Mji, ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18, ikashuka. Wamarekani wao, katika futiboli ya Kimarekani, hubishania kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Nani mkubwa kuliko wote? Wengi humtaja Tom Brady, mwenye mataji 7 ya Super Bowl, fainali ya ligi yao.

Mawili kati ya yaliyomponyoka fainalini yalichukuliwa na New York Giants, timu ya Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Fainali ya 2008 Mathias alikuwa majeruhi. Ya 2012, iliyoisha 21–17, aliicheza.

Lakini kisa chake kitamu zaidi ni cha 2006, akiwa mgeni kwenye ligi. Alimkumbatia Vince Young, kwotabeki wa Tennessee Titans, kisha akamwachia, akidhani mpira umeshatoka na kwamba akimwangusha ataadhibiwa. Young alikuwa nao bado! Akatimua mbio, na Giants, waliokuwa wakiongoza 21–0, wakalala 24–21.

Hofu hiyo ya adhabu ina ubishi wake usioisha: je, sheria zinawadekeza makwotabeki? Mimi nasema zinawadekeza, ingawa mifupa yao ingesema vingine. Atakayetaka kujionea Super Bowl akiwa Njombe akeshe. Huanza saa nane na nusu usiku, Jumatatu ikiwa imeshaingia.